Waliobeba Kura Zisizo Zao

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisahihisha majibu ya swali moja. Maneno yake yalibadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini swali lilikuwa lile lile: Eleza sababu zilizoiwezesha TANU kuikomboa Tanganyika. Wanafunzi wangu wa sekondari, na baadaye walimu-wanafunzi wangu chuoni, walijibu kama walivyofundishwa: uongozi wa Mwalimu Nyerere, lugha moja ya Kiswahili, kutokuwapo kwa kabila kubwa lenye kuyameza mengine, na nchi yetu kuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Nilitia vema na kutoa alama, maana majibu yalikuwa sahihi. Ila kila nilipoweka kalamu chini niliona kuna mtu hakutajwa. Lugha peke yake haibishi hodi nyumbani kwa mtu saa mbili usiku. Umoja wa Mataifa ulioko New York haujui ni nani katika mtaa ana cheti cha darasa la nane na ni nani anaogopa kukitoa sandukuni. Kazi hiyo ilifanywa na watu, na watu wenyewe ukiwatazama vizuri utastaajabu, kwa sababu wengi wao hawakuwa na haki ya kuipiga hiyo kura waliyoihangaikia.

Naomba msomaji anivumilie nieleze sheria kwanza, kwani bila sheria habari hii haina ladha.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria uliowahusu Waafrika wa Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sensa ya mwaka 1957 ilikuwa imehesabu watu wapatao 8,800,000 katika nchi nzima, na Wazungu hawakufika 21,000. Huo ndio uliokuwa usawa wa wakati ule. Mpigakura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, awe mkazi, na juu ya hayo awe ama amesoma hadi darasa la nane, ama ana kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, ama ameshika cheo kinachotambuliwa na serikali. Kisha likaja sharti lililowakera watu kuliko yote: kila mpigakura lazima apige kura tatu, moja kwa kila rangi. Ukimchagua Mwafrika peke yake ukaacha nafasi nyingine wazi, karatasi yako imeharibika. Ndiyo maana hadi leo wazee wanauita uchaguzi wa kura tatu.

Walioandikishwa kwa awamu zote mbili hawakufika 60,000. Hebu fikiria darasa la nane mwaka 1958 lilikuwa kitu gani. Msichana aliyefika huko alijulikana wilaya nzima. Mwanamke wa mjini aliyeuza vitumbua, au aliyepika pombe, au aliyefuma mikeka, hakuwa na njia yoyote ya kuingia katika daftari lile.

Upande wa pili walikuwapo wenye haki hiyo, yaani makarani, matabibu wasaidizi na walimu. Hao nao walikuwa wamefungwa mikono. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 ulikuwa umewakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na shule za misheni, zilizokuwa zikipokea ruzuku ya serikali, hazikupenda kuonekana zinafuga wanasiasa. Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa Pugu. Aliporudi kutoka New York mwaka 1955, alikokwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, alilazimika kuchagua kati ya chaki na chama, akaacha chaki mwezi Machi. Jina la Mwalimu lilimbakia, kazi ikamtoka. Lakini ni walimu wangapi wangeweza kufanya hivyo, wakiwa na watoto sita na ndugu kumi wanaokula kwa mshahara mmoja? Si haki kuwaita waoga. Mimi nimekuwa mwalimu na najua mwisho wa mwezi unavyokuwa.

Basi hali ilikuwa hivi: wenye kura hawakuruhusiwa kuhangaika, na wenye kuhangaika hawakuwa na kura. Hilo ndilo jambo ambalo vitabu vyetu vya shule vimelipita haraka mno.

Wapo waliosema uchaguzi wa namna hiyo ususiwe. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, na mjadala ulikuwa mkali kweli kweli. Akina Bhoke Munanka walipinga kushiriki, na Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, African National Congress. Nyerere alijenga hoja kwamba wakisusa, viti vyote vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining. Mkutano ukakubali kuingia. Uamuzi huo umeitwa uamuzi wa busara, nami sina ugomvi na jina hilo. Lakini busara ya Tabora ilikuwa imewaachia watu wa chini mzigo wa miezi michache: kuwatafuta mmoja mmoja watu wenye sifa, kuwashawishi wajiandikishe, kuwaondoa hofu, na kuwafundisha kumpigia kura Mzungu na Mwasia ambao chama kiliwaunga mkono. Kwa watu waliokuwa wamekwenda mikutanoni kusikia habari za uhuru, hilo la mwisho lilikuwa somo gumu.

Nani aliyabeba hayo? Lazima nirudi nyuma miaka mitatu.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alikuja Dar es Salaam, akauliza iko wapi idara ya wanawake ya TANU. Haikuwapo. Viongozi wakamtafuta Bibi Titi Mohamed, mwenye kadi namba 16, mumewe akiwa na namba 15. Alikuwa amesoma shule ya msingi tu, lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa ofisini aliyekuwa nacho: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alizijua ngoma zote za wanawake wa mji. Julai mwaka huo idara ikaanzishwa, yeye akiongoza pamoja na Tatu binti Mzee. Hawakupita mtaani kumwita mtu mmoja mmoja. Walikwenda kwa viongozi wa ngoma, na kiongozi wa ngoma akikubali, kundi zima linakuja. Kikundi cha lelemama kilikuwa na mwenyekiti wake, mtunza fedha wake, sare zake, michango yake ya misiba na harusi, na nidhamu ya kuhudhuria. Ukiangalia kwa jicho la mtu aliyeendesha shule, hicho ni chama kilichokamilika, hakikukosa ila siasa. Inasemekana katika miezi michache tu wanawake 5,000 walikata kadi. Wakati huo matawi mengi ya wanaume bado yalikuwa yanajadili nani awe katibu.

Nilianza kuyaelewa haya katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu. Niliwapa wanachuo kazi ya likizo: kila mmoja amtafute mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo wao, amwulize alikuwa wapi mwaka 1958, na aandike jibu kama lilivyosemwa bila kulipamba. Wengine walinung'unika kwamba haimo katika muhtasari wa somo. Walirudi na madaftari ambayo sijasoma kitu kizuri kuliko hayo. Bibi mmoja alificha kadi yake ndani ya mtungi wa mchele kwa sababu mumewe alikuwa tarishi wa bomani. Mwingine alitembeza habari za mikutano akiwa na ungo wa dagaa kichwani, na askari walinunua dagaa. Mwanachuo mmoja aliandika kwamba bibi yake hakuelewa swali la kwa nini alijitolea. Alijibu kwamba hakujitolea, alitumwa na wenzake wa ngoma, na kwenye ngoma ukitumwa unakwenda. Jibu hilo limenifundisha mengi kuhusu neno kujitolea, ambalo sisi tumezoea kulitamka kama vile ni wema wa mtu mmoja unaochipuka moyoni mwake.

Susan Geiger, Mmarekani, aliwahoji wanawake wa aina hii katika miaka ile ile, akatoa kitabu chake mwaka 1997. Nilikisoma kwa furaha na kwa wivu kidogo.

Mimi mwenyewe nina ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1958 nilikuwa na miaka tisa, na tulikaa Morogoro. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Dada yake mkubwa, shangazi yangu, aliolewa na Mwislamu wa mjini, akauza vitumbua asubuhi na kucheza lelemama jioni. Yeye hakujua kusoma. Chama kilimpa daftari lenye majina ya watu wa mitaa mitatu waliodhaniwa kuwa na sifa, na kwa kuwa mwana wa mwalimu lazima ajue kusoma, alinichukua mimi nimsomee. Tulikwenda baada ya magharibi, mimi nimebeba kikapu. Nikisoma jina, yeye ananiambia mtu huyo anakaa wapi, mke wake anatoka wapi, na kama tupitie mlango wa mbele au uani. Daftari lilikuwa na majina, lakini mji ulikuwa kichwani mwake.

Hakuanza kamwe na siasa. Alianza na habari za watoto, kisha mvua, kisha bei ya unga wa mchele. Siasa ilikuja wakati wa kuaga, kama kitu alichosahau. Aliuliza kama cheti bado kipo, na kama bwana mkubwa anajua kwamba mwisho wa kujiandikisha unakaribia. Kwa wale waliosema hawawezi kumpa kura Mzungu, alinyanyua vidole vitatu na kueleza kwamba kura ni kama mafiga, jiwe moja likikosekana chungu kinamwagika. Sijui kama ni maneno yake au walifundishwa na chama. Walimu wa saikolojia tuliowaleta chuoni miaka ya baadaye walituandikia kurasa nyingi juu ya kuanza na yale mwanafunzi anayoyajua. Shangazi hakuzisoma.

Mtu mgumu kuliko wote katika daftari lile alikuwa baba yangu. Alikuwa na sifa kwa kisomo, na alijiandikisha. Lakini katika jimbo la Mashariki, ambamo Morogoro ilikuwamo, Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru, ambaye naye alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Kwa Mluguru haikuwa hesabu rahisi. Mtu wa kwetu, msomi, anayefahamu milima yetu na maji yetu, dhidi ya Mzanaki kutoka ng'ambo ya nchi. Juu ya hayo, meneja wa shule alikuwa ameshawaonya walimu kwamba atakayeonekana karibu na chama ajitafutie kazi kwingine.

Shangazi alikuja kwetu jioni tatu au nne. Nakumbuka maneno yake ya mara moja, kwa sababu mama alimnyamazisha kwa kuogopa majirani. Alimwambia, "Mwalimu, mimi sina kura. Mume wangu hana. Mama yetu hana. Nyumba yote hii ina kura moja, nayo iko mfukoni mwako." Baba alijibu kwamba kura ni siri, hata kwa dada. Shangazi akasema sawa, siri aitunze, ila aende nayo. Kwa Waluguru ukoo unafuata kwa mama, na neno la dada mkubwa lina uzito ambao huenda msomaji wa makabila mengine asiuone haraka. Siku ya kupiga kura baba alivaa koti la Jumapili, akatoka mapema, akarudi, akaingia darasani.

Nyerere alimshinda Kunambi kwa mbali. Katika nchi nzima wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, wakiwamo Waasia na Wazungu. Jimbo la Kaskazini lilimtoa Sophia Mustafa, mwanamke Mwasia wa Arusha, pamoja na Derek Bryceson na Solomon Eliufoo. Nyanda za Juu Kusini zilimtoa Lady Marion Chesham. Sharti la kura tatu, ambalo wengi waliliona kama mtego, liligeuka kuwa ngazi, maana chama chenye watu wa kupita nyumba kwa nyumba ndicho pekee kilichoweza kuwafundisha wapigakura kujaza karatasi yote. Na United Tanganyika Party, ikiwa na fedha na magari, haikuwa na mtu wa kubeba kikapu. Haikuchukua muda ikafa.

Kuna jambo dogo ambalo hunifurahisha. Agosti 1958, wiki chache kabla ya kura, Nyerere alihukumiwa kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU. Alipewa kuchagua kifungo cha miezi sita au faini ya shilingi 3,000. Ndiyo pauni 150 zile zile ambazo mtu alitakiwa kuzipata kwa mwaka ili ahesabiwe kuwa anafaa kupiga kura. Faini ililipwa.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa: ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75. Walioandikishwa walipanda hadi takriban 885,000. Kwa shangazi, kusoma kukawa si anasa tena. Alikaa na mimi chini ya taa ya chemli akiandika jina lake kwenye kibao changu, akikasirika, akifuta kwa kiganja, akianza upya. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, na nimekuwa na wachache wenye hasira nzuri namna ile. Aliandikishwa. Lakini katika majimbo 58 kati ya 71 mgombea hakupata mpinzani, na palipokosa mpinzani hapakupigwa kura. TANU ilichukua viti 70. Nilipokuwa nikifundisha nilikitaja kila mara kiti kile kimoja kilichobaki, cha Herman Sarwatt wa Mbulu, kwa sababu wanafunzi hupenda kumjua aliyekosekana kwenye hesabu. Wale waliojifunza kuandika majina yao kwa ajili ya kura, katika majimbo 58, walikaa na majina yao nyumbani.

Sitaki nimpake msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu waliobeba mzigo wa 1958 hawakupata malipo yaliyolingana. Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, lakini mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji, na mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikutamkwa madarasani. Nami nilifundisha katika miaka hiyo, na muhtasari uliletwa kutoka juu. Alifariki Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na madereva hulitaja kila siku wakilalamikia foleni.

Mwaka 1995, vyama vingi viliporudi, nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Kampeni za mwaka ule ndizo zilizonifumbua macho. Vijana walikuja kwangu kuuliza, Mwalimu, chama gani kinatoa posho nzuri kwa mawakala? Fulana, kofia, kanga, wali wa mchana. Siwalaumu sana, kwani walikuwa na njaa, na wenye vyama walikuwa na fedha. Ila nilijiuliza mjumbe wa posho anajua nini kuhusu nyumba anayoigonga. Anaujua mlango wa mbele tu. Tangu wakati huo nimeona chaguzi kadhaa, na katika kila moja nimehesabu magari ya matangazo, nikatafuta mwanamke mwenye kikapu. Wapo bado, si wengi. Nimewaona zaidi kwenye vikoba na vyama vya kuzikana kuliko kwenye ofisi za vyama vya siasa, na nadhani mwenye akili ya kutafuta wapigakura angeanza huko, kama Bibi Titi alivyoanza kwenye ngoma.

Shangazi alipiga kura yake ya kwanza Novemba 1962, Nyerere aliposhindana na Mtemvu kugombea urais wa Jamhuri. Alirudi kwenye vitumbua vyake siku ile ile, na hakutuficha alimpigia nani. Baba aliishi hadi mwaka 1987. Jina alilolichagua Septemba 1958 hakumwambia mtu, na dada yake, aliyemtembelea karibu kila Ijumaa kwa miaka ishirini na tisa iliyofuata, hakumwuliza.